Hatari Isiyopita Mlangoni

Sisi tuliokuwa watu wazima tarehe 7 Agosti 1998 tulifunzwa usalama na lori. Lori lililojaa baruti lilifika kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, watu 213 wakafa. Siku hiyohiyo Dar es Salaam, kwa shambulio kama hilo, wakafa 11. Tangu hapo maisha ya mjini yakawa ya mlangoni: askari na kioo chake cha kukagulia uvungu wa gari, kile kifimbo kinacholia kikikutana na funguo, mama mtu mzima akifunguliwa mkoba mbele za watu. Baada ya shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, foleni zikarefuka. Kizazi changu kiliamini, na hakikukosa sababu, kwamba adui ana miguu au magurudumu, na lazima apite mahali.

Sisi wa Mombasa tulionjeshwa mapema kwamba na anga nayo ina mambo. Mwezi Novemba 2002, siku ilipolipuliwa hoteli ya Kikambala, makombora mawili yalirushwa kuilenga ndege ya abiria wa Israeli iliyokuwa ikipaa kutoka uwanja wa Moi. Yalikosa. Tukamshukuru Mungu, tukarudi kulinda milango. Lakini makombora yale yalikuwa silaha za kijeshi, za kuingizwa kwa magendo. Droni inauzwa dukani, ndani ya boksi, pamoja na chaja yake.

Mjukuu wangu anayo moja. Anapigia picha za harusi, na sina neno: ni riziki ya halali. Huko Rwanda vyombo vya namna hiyo vinapeleka damu hospitalini tangu 2016. Ila mwaka 2018, jijini Caracas, droni mbili zenye baruti zililipuka karibu na gwaride alipokuwa akihutubia Rais Nicolás Maduro, na askari waliojipanga kwa nidhamu wakatawanyika mbio. Desemba ya mwaka huohuo, taarifa tu za kuonekana droni ziliufunga uwanja wa Gatwick, Uingereza. Safari kama 1,000 zikavurugika, na hakupatikana wa kushtakiwa.

Lililoninyima usingizi ni la karibu zaidi. Tarehe 19 Septemba 2025, mjini El Fasher, Sudan, droni ilipiga msikiti watu wakiwa katika swala ya alfajiri. Walikufa zaidi ya 70, na lawama zikawaangukia wapiganaji wa RSF, kikosi kilichoingia vitani na jeshi la Sudan. Ile ni vita, na sisi hatuko vitani, najua. Hata hivyo mtu aliyezoea kwenda msikitini kabla ya jua hawezi kuisoma habari ile kama habari ya wengine. Wale hawakuwa na mlango wa kukosea kuufunga.

Nilimuuliza mjukuu: si wavuruge mawimbi ya droni tu, ianguke? Akacheka. "Babu, ianguke wapi? Juu ya watu?" Akanieleza kwamba mtambo wa kuvuruga mawimbi katikati ya mji unaweza kuvuruga na ya wasio na hatia, kwamba droni nyingine huruka kwa njia iliyopangiwa mapema bila kungoja amri, na kwamba kule Ukraine zipo zinazoburura uzi mwembamba wa kioo, hazina wimbi la kuvurugwa.

Basi nahofia tutafanya tulichozoea: tutafunga. Tutaambiwa swala ya Idi isiwe uwanjani, mkutano uhamie ukumbini, watoto wasicheze ufukweni siku ya sherehe. Mimi sikubali. Kiwanja kilichofungwa kwa hofu ya shambulio kimekwisha kushambuliwa.

Mara nyingi droni ina mtu wake chini, juu ya ghorofa au ndani ya gari, na wa kwanza kumtambua si askari wa kifimbo. Ni kijana arushaye ya kwake, ajuaye mlio wake na mzigo inaoweza kubeba. Watu hawa wangeitwa kwenye kikao kabla ya kila mkusanyiko mkubwa. Kwa sasa wanaitwa kituoni.

Kanuni za Kenya za mwaka 2020 zinataka droni zisajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mjukuu anasema usajili ni orodha ya watu wa kufuatwa, na baada ya vijana kutekwa kufuatia maandamano ya 2024, siwezi kumwambia anaota. Namwambia asajili, nami nitasimama naye kuuliza maswali yake. Kombe la Afrika la 2027 linakuja Kenya, Tanzania na Uganda, viwanja vitajaa. Nani ana ruhusa ya kuangusha droni juu ya umati? Akikosea, nani atalipa? Na droni za polisi wenyewe, picha zake zinahifadhiwa wapi, kwa muda gani?