Akiba haiozi, hata ya mfupa

Jua lilikuwa likiteremkia upande wa Kongo, jioni moja katika makazi ya wakimbizi ya Lobule, wilayani Koboko, Uganda, wakati bibi mmoja alipoteleza penye bomba la maji. Hakuanguka kutoka juu. Alikuwa amesimama tu, akingoja ndoo yake ijae. Hata hivyo kiganja kilipogusa ardhi, kifundo cha mkono kilivunjika. Majirani walisema, "Ni uzee huo." Neno hilo lilikuwa na nusu ya ukweli.

Aliyempeleka kwenye kituo cha afya ni mjukuu wake, mama kijana wa miaka 19, mwenye mtoto mchanga mgongoni. Muuguzi alipokwisha kuufunga mkono wa bibi, alimgeukia mjukuu akamwuliza, "Na wewe, mwanangu, jana ulikula nini?"

Msichana alistaajabu, kwani aliyevunjika si yeye. Akajibu kwamba alikula ugali na mchuzi wa dagaa. Dagaa wenyewe aliwapakulia mume na watoto. Yeye alichovya mchuzi.

Bibi akainua uso. "Hata mimi, mjukuu wangu, nilikula hivyo hivyo tangu nilipoolewa."

Hapo ndipo ilipo nusu ya pili ya ukweli. Mfupa si jiwe. Ni kitu hai, nao hujengwa zaidi katika utoto na ujana. Yapata umri wa miaka 30 huwa umekwisha kufikia kilele cha uimara wake. Baada ya hapo mwili hutumia akiba, na hedhi ikomapo akiba hiyo hupungua kwa haraka. Madaktari huuita ugonjwa huo osteoporosisi. Hauumi wala hautoi dalili, mpaka siku mfupa unapovunjika kwa anguko dogo. Aliyeweka kidogo ujanani huishiwa mapema.

Mwanamke mzima huhitaji yapata miligramu 1,000 za kalsiamu kila siku; msichana wa miaka 9 hadi 18 huhitaji 1,300. Mama anyonyeshapo, mwili wake huchota kalsiamu mifupani ili kumpa mtoto, na kwa kawaida huirudisha baada ya mtoto kuachishwa ziwa. Lakini mama ambaye mifupa yake bado inajengwa, naye hula mchuzi mtupu, atairudisha kutoka wapi?

Dawa yake haiko mbali. Dagaa wakavu, wanaoitwa mukene nchini Uganda, huliwa pamoja na mifupa yao, na humo ndimo kalsiamu ilimo. Maziwa, yapatikanapo, ni bora. Mchicha ni chakula chema, ila kalsiamu yake nyingi hufungwa na asidi iliyomo, hivyo hautoshi peke yake. Jua huusaidia mwili kutengeneza vitamini D, nayo Lobule haina uhaba wa jua. Kulima na kutembea huimarisha mifupa. Sigara na pombe huidhoofisha.

Usiku ule bibi, kwa mkono wake mzima, aliisogeza bakuli ya dagaa mbele ya mjukuu wake. Msichana alimtazama mumewe. Mume akasema, "Kula, mama watoto."

Dagaa wachache katika sahani ya mama kijana si ulafi. Ni akiba, na akiba haiozi.