Mji Mkongwe, Saa Moja na Siri Yake

Wapenzi wengi wakivuka maji kwenda Unguja, safari yao huishia ufukweni Nungwi. Mimi na mume wangu tulikuwa na shughuli nyingine kabisa: tulibeba Seiko 5 kuukuu, saa ya mkononi aliyoiacha marehemu baba mkwe.

Nyumbani saa hiyo ilishaleta maneno. Mama mkwe anasema mumewe aliivaa siku ya harusi yao, Desemba 1974. Mume wangu, akiwaza kodi ya nyumba, alishapata mnunuzi Dar. Jamaa akadai eti ni ya miaka ya 80, haina lolote, akataja bei ya kutupa. Nikasema, "Mume wangu, tujue kwanza tunauza nini."

Ukiliacha soko la Darajani, lililojengwa 1904, unazama kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, na hapo mafundi wa kila aina bado wapo barazani. Wetu alikuwa mzee wa kofia na kanzu, kimeza chake kimejaa mishale na mikanda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Hebu nione."

Uso wa saa hata hakuutazama. Aliigeuza. "Mbele mtu anaweza kupaka rangi upya. Soma mgongoni."

Mgongoni kuna namba mbili. Ya kwanza ina kistari katikati: tarakimu nne za mwanzo, kwetu 6119, zinataja mashine ya ndani; zinazofuata zinataja umbo la kasha. Hiyo ndiyo modeli. Namba ya pili ilianza na 48: nne ni mwaka, nane ni mwezi, yaani Agosti. Lakini nne ipi, 1964, 1974 au 1984? Jibu linatoka kwenye mashine. 6119 zilitengenezwa mwishoni mwa miaka ya 60 hadi katikati ya 70. Basi ni Agosti 1974!

Mzee akafungua mfuniko, akaweka lensi jichoni. Mashine 6119, na maandishi madogo kabisa chini ya uso wa saa nayo 6119. Haijachanganywa vipuri.

Kumbe mama mkwe alikuwa sahihi: saa ilitoka kiwandani miezi minne kabla ya ndoa. Mume wangu akanyamaza, akaivaa, akatikisa mkono. Haina betri, hujijaza kwa mwendo wa mkono. Mshale ukaanza kutembea.

Jioni, Forodhani, tukila urojo karibu na Beit al-Ajaib iliyoporomoka sehemu mwaka 2020 pamoja na mnara wake wa saa, akampigia yule mnunuzi: haiuzwi. Kodi tutachanga wote wawili.

Nanyi kama mna saa ya mzee kabatini, msimsikilize mnunuzi kabla hamjaisoma mgongo. Halafu muulizeni bibi au mama aliivaa lini. Majibu mawili yakikutana, mtajua mmeshika nini.