Majina Yasiyoonekana Mtandaoni

Sisi tunaofundisha historia katika shule za sekondari tumezoea kusikia wazazi wakilalamika kwamba kompyuta na simu zinawafunza watoto kupenda vita. Malalamiko hayo yana msingi. Kijana aliyekulia katika michezo ya kufyatua risasi huisoma Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 kama mchezo mwingine: nani alishinda, nani alikuwa na silaha kali zaidi. Hata hivyo, mtandao huohuo, ukisimamiwa vyema, umetusaidia kuwafikisha wanafunzi mahali ambapo kitabu cha kiada hakiwafikishi.

Kompyuta zetu ni chache, hivyo wanafunzi watano hukusanyika mbele ya moja. Tunaanza na kumbukumbu za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambazo mtu yeyote huweza kuzifungua bila malipo. Huandikwa jina, au nchi, au makaburi, na marehemu akaonekana: cheo chake, kikosi chake, siku aliyofariki, mahali anapokumbukwa. Wanafunzi huwatafuta waliofia Tanga, ambako jeshi lililoletwa na Waingereza kutoka India lilishindwa mwezi Novemba 1914. Kisha, bila ya kuagizwa, kila mmoja huandika jina la ukoo wake. Hapo ndipo darasa hunyamaza, kwani wengi wao hawakuti kitu.

Ukimya huo ndio somo lenyewe. Waingereza peke yao waliwatumia wapagazi wanaokaribia milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki, wakibeba vyakula na risasi kichwani kwa mamia ya maili. Waliouawa na malaria, kuhara na unga usioiva sawasawa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Mwanafunzi anayepita Kariakoo kila siku hushangaa kuambiwa kwamba jina la soko lile limetokana na kikosi cha wapagazi hao.

Kwa nini basi hawamo katika orodha? Jibu nalo liko mtandaoni, na limeandikwa na Tume yenyewe. Mwaka 2021 ilitoa ripoti na kuomba radhi, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume hiyo iliundwa mwaka 1917 kwa msingi kwamba wafu wote ni sawa. Tunawasomesha wanafunzi ahadi ile na ripoti hii kwa pamoja, nasi tunanyamaza. Hawahitaji msaada wetu kuona pengo lililopo.

Baada ya hapo huwapeleka kwenye Sanamu ya Askari, katikati ya Dar es Salaam. Maandishi yake yako kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, Kiswahili chenyewe kikiwa kwa herufi za Kiarabu na za Kilatini. (Vijana waliopita madrasa hujivunia sana kuwasomea wenzao zile za Kiarabu.) Maandishi hayo yanaahidi kwamba wana wa waliokufa watayakumbuka majina yao. Juu ya sanamu nzima hakuna jina hata moja la askari wala la mpagazi.

Kwa sababu hiyo tumeongeza kazi ya nyumbani ambayo haina kompyuta ndani yake: nendeni kwa wazee, ulizeni nani katika ukoo alichukuliwa wakati wa vita vya Wajerumani, na kama alirudi. Kazi hii si nyepesi. Mmoja alileta habari za babu wa babu yake aliyekuwa askari wa Wajerumani, akazisoma kwa fahari. Mwenzake, ambaye asili yake ni Ugogo, akasimama kueleza alivyosimuliwa na bibi yake juu ya Mtunya, ile njaa iliyofuata baada ya majeshi ya pande zote mbili kuchukua nafaka, ng'ombe na wanaume, na mvua nazo zikakosekana. Akauliza waziwazi: je, askari wako alikula chakula cha nani? Hatukuwakatiza. Walibishana kwa adabu hadi kengele ikalia, na juma lililofuata yule wa kwanza alikuja na swali alilomuuliza babu yake, bila ya kupata jibu.

Wapo wazazi waliotuambia tuyaache mambo hayo yaliyopita. Tunawaheshimu, ila hatukubaliani nao. Nyumbani mwetu huwaombea dua marehemu wetu kwa majina, na mzee anayelijua jina leo huenda mwakani asiwepo wa kuulizwa.

Orodha ya darasa imebandikwa ukutani. Ina majina 17. Manne kati ya hayo hayana jina la baba, kwani aliyelikumbuka amekwishatangulia mbele ya haki, na wanafunzi wameacha nafasi wazi mbele ya kila moja.