Mlio Uliojificha Shingoni

Huku kwetu katika vilima vya Kirungu baisikeli, au kinga kama wengi wanavyoiita, si mchezo wa vijana. Pikipiki zimekuwa nyingi njiani, ni kweli. Lakini pikipiki hudai mafuta kila siku, na kinga hudai ugali wa mpandaji tu. Ndiyo ipelekayo mahindi kwenye mashine, mgonjwa hospitalini na mwalimu shuleni. Kwa hiyo ianzapo kutoa mlio usiojulikana, jamaa nzima husikia, na kila mtu ana shauri lake.

Mlio ninaotaka kuueleza ulikuwa "ka", mlio mkavu, kama mtu avunjaye kijiti nyuma ya nyumba. Katika tambarare haukusikika. Katika mteremko haukusikika. Ulikuja wakati wa kupanda mlima tu, na kila mara mguu wa kuume ulipokanyaga. Jirani mmoja alishauri kutia grisi kila mahali, kana kwamba baisikeli ni mgonjwa wa upele. Fundi wa sokoni, mtu mwema na mwepesi wa mikono, hakungoja nimalize maneno yangu. "Mwalimu, ni gololi za katikati," alisema. "Tubadili zote, pamoja na mtaimbo wake." Spana ilikuwa tayari mkononi.

Nalimwomba angoje. Bei ya vyuma vile pamoja na kazi yake ilikuwa karibu sawa na fedha tuliyoiweka kwa ajili ya masomo ya mtoto wetu wa kwanza, aliye katika shule ya sekondari. Tena siku ya Jumamosi mama mkwe wangu alikuwa anakuja kwa boti kutoka Kalemie, nasi tulikuwa na kazi ya kushuka Moba, ukingoni mwa ziwa la Tanganyika, kumpokea: mimi juu ya kiti, mama watoto nyuma yangu, na mtoto mchanga mgongoni mwake. Wanaoijua njia ile ya kushuka ziwani wanajua kwamba si njia ya kujaribia chuma cha mashaka.

Katika seminari walitufundisha kwamba anayetafuta asili ya jambo huuliza kwanza: ni kitu gani kiko pamoja nalo siku zote, na ni kitu gani hakipo kamwe? Fundisho lile lilikusudiwa mambo makubwa zaidi ya baisikeli, lakini sioni kwa nini baisikeli inyimwe.

Baisikeli ina saa tatu ndani yake. Ya kwanza ni saa ya pedali, ya pili ni saa ya gurudumu, na ya tatu ni saa ya mnyororo. Yangu ina meno 48 mbele na meno 18 nyuma, na mnyororo wa viungo 112. Hesabu ni nyepesi, hata watoto wa darasa la tano waliiweza ubaoni: pedali zikizunguka mara 3, gurudumu la nyuma huzunguka mara 8, pedali zikizunguka mara 7, mnyororo wote hupita mara 3. Basi mlio ukija upesi kuliko mguu, utazame gurudumu: spoki iliyolegea, au ukingo uliopinda ukigusa breki. Ukija mara moja katika mizunguko miwili na kidogo ya pedali, yuko mkaidi katika mnyororo. Zungusha pedali kinyumenyume polepole, nawe utakiona kiungo kisichotaka kukunjika. Lakini ukija mara moja kwa kila mzunguko wa mguu, ndipo penye shaka nyingi: pedali yenyewe, mkono wake, kile kikabari cha chuma kinachoufunga mkono ule, au gololi za katikati.

Mlio wetu ulishika saa ya pedali bila kukosa. Kwa hiyo fundi hakusema upuuzi. Hata hivyo naliitikisa mikono ya pedali kwa nguvu zangu zote, haikucheza. Naligonga kabari, ilikaa imara. Nalifungua pedali ya kuume na kuirudisha. (Wanaotaka kufanya vivyo hivyo wakumbuke kwamba pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume cha desturi, wengi wameharibu uzi wake kwa kusahau.) Nalisimama juu ya pedali nisikalie kiti, ili nijue kama kosa ni la springi za kiti. "Ka" iliendelea, tena kwa sauti kubwa zaidi. Jambo hili la mwisho lilinisumbua usiku kucha.

Sikio lenyewe si shahidi wa kuaminiwa katika mambo haya. Sauti hupita katika hewa kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde, lakini ndani ya chuma cha pua hukimbia zaidi ya mara 10 ya mwendo ule. Fremu ya baisikeli ni mirija mitupu iliyounganishwa. Mlio ukizaliwa mbele, papo hapo umekwisha fika nyuma na katikati, na mpandaji aliyeinama huapa kwamba umetoka chini ya miguu yake. Mwaka 1816 daktari Mfaransa, Laennec, alikunja karatasi ikawa kama mrija, akaweka mwisho mmoja kifuani mwa mgonjwa na mwingine sikioni mwake, akausikia moyo wazi kuliko alivyopata kuusikia kabla. Kwa baisikeli kijiti kikavu chatosha. Ila mgonjwa huyu hulia akiwa mlimani tu, na hakuna awezaye kupanda mlima huku ameinama na kijiti sikioni.

Aliyefungua njia ni mama watoto. Asubuhi ya Alhamisi alitembea kando yangu nilipokuwa nikipanda polepole, naye hakuwa akitazama miguu, maana miguu yangu ameizoea. Akasema, "Baba, mikono yako huvuta kwanza, kisha ndipo inalia."

Nilisimama hapo hapo. Ni kweli: mtu akanyagapo kwa nguvu kwa mguu wa kuume, mkono wa kuume huvuta usukani ili mwili usiinuke. Saa ya pedali si ya vyuma vya chini peke yake. Kiti, usukani, hata kibebeo cha nyuma, vyote huifuata, kwa sababu mwili mmoja unavitikisa vyote. Na tusimamapo juu ya pedali tunauvuta usukani zaidi. Naliupanda tena mlima ule, viganja vikiwa wazi juu ya usukani bila kuvuta. Kimya. Nalivuta: "ka". Viganja wazi: kimya. Hapo hatukuhitaji mlima tena. Nalibana breki ya mbele, nikaisukuma baisikeli mbele na nyuma uani, naye akashika kijiti. Alipokiweka katikati penye pedali alisikia kidogo. Alipokiweka kwenye mrija wa mbele wa fremu, chini ya usukani, alikiondoa upesi, akasema ni kama mtu anayebisha hodi.

Twalirudi kwa fundi tukamwomba atoe uma wa mbele, yaani chuma kile chenye miguu miwili kishikacho gurudumu. Uma ule una shingo, nayo hupita ndani ya mrija wa fremu hata kuufikia usukani. Hakuna aionaye kama hajaufungua wote. Gololi za pale zilikuwa nzima, na grisi yake safi. Fundi alifuta shingo kwa kitambaa. Chini kabisa, pale miguu miwili inapokutana, palikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya kutu, kama unywele uliolowa.

Hakusema neno. Alikifunga chuma kile katika jiliwa, akakipiga kwa nyundo. Pigo la kwanza halikufanya kitu. La pili liliitenga shingo na miguu.

Nalizichukua zile nyuso mbili za chuma na kuzitazama juani. Sehemu kubwa ilikuwa nyeusi na yenye kutu, maana maji na hewa vilikuwa vimeingia tangu zamani. Iliyobaki, upande wa kushoto, iling'aa kama sarafu mpya. Upana wake haukuzidi ukucha wa kidole gumba, na ndiyo iliyokuwa ikitubeba. Chuma hakivunjwi siku zote na mzigo mmoja mkubwa. Huanza ufa mdogo, kisha mvuto mdogo unaorudiwa huupanua: katika baisikeli yangu pedali ikizunguka mara moja tunakwenda karibu mita 6, basi kilometa moja ya kupanda ni kuvuta zaidi ya mara 160. Lakini mlimani huenda mtu akaanguka taratibu. Katika mteremko, breki ya mbele ikibanwa, uzito wote wa mpandaji na wa waliopakiwa hukimbilia shingo ile. Ikikatika, gurudumu hushika njia yake, na uso wa mtu hushika mawe. Sikutaka kumfikiria mtoto mchanga, lakini nalimfikiria.

Nyuma ya kibanda cha fundi palikuwa na baisikeli zilizokufa, na humo alipata vyuma vitatu vya namna ile. Alitaka kunipa kile chenye rangi nzuri. Mama watoto akamwambia avitundike kwa kamba, kimoja kimoja. Akavigonga kwa kifundo cha kidole, kama wanawake wagongavyo chungu sokoni kabla ya kukinunua. Cha kwanza, chenye rangi nzuri, kilitoa sauti nzito, butu. Cha pili kikafanana nacho. Cha tatu, kilichobabuka rangi, kililia kwa muda mrefu kama kengele ndogo ya altare. "Hiki," alisema. Fundi aliosha shingo ya kile cha kwanza kwa mafuta ya taa. Ufa ulikuwapo, mfupi, upande wa nyuma. Akakitupa mbali, na tangu siku ile yeye pia huvitundika kwa kamba.

Katika fedha ya shule tulitoa sehemu ndogo. Gololi za katikati hazijaguswa hata leo. Jumamosi tulishuka Moba polepole, breki mkononi. Mlio uliosikika ulikuwa wa springi za kiti changu tu, ambao sote tunaujua. Boti ilichelewa, ikafika usiku.