Tairi la Mbele Lilinitia Adabu

Katika ukurasa huu tumezoea kusoma habari za malezi, za mapishi na za bustani, na sina shaka wapo watakaoshangaa kuona leo mtu analeta habari za matairi ya pikipiki. Lakini katika nyumba nyingi za kambi za polisi na za jeshi hapa Uganda, pikipiki ni chombo cha nyumbani kama lilivyo jiko. Humpeleka baba kazini, mama sokoni, na mtoto mwenye homa zahanati usiku wa manane. Kwa hiyo tairi lake ni shauri la nyumba nzima, wala si la fundi peke yake.

Mimi ni mkaguzi wa shule za msingi upande wa Bugisu, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba. Udongo wa huku ni mfinyanzi mwekundu. Ukikauka huwa mgumu kama saruji, na ukinyeshewa kwa saa moja tu huwa kama sabuni iliyolowa. Ni udongo wa namna hiyohiyo ulioporomoka Machi 2010 ukakifukia kijiji cha Nametsi, wilayani Bududa, pamoja na watu wake. Anayepita njia zetu kwa pikipiki wakati wa masika hana budi kuuheshimu.

Asubuhi moja ya Novemba 2018 nilikuwa nimepakia mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, karatasi ya Hisabati, kutoka kituo cha polisi ambako karatasi hulala chini ya ulinzi. Nyuma yangu aliketi konstebo mmoja kijana, bunduki begani, mfuko wa bahasha zilizofungwa kwa lakiri ameukumbatia kifuani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulikuwa tukiteremka baina ya mashamba ya kahawa, mwendo wa polepole kabisa, tukafika kwenye kona ya kushoto. Nikauzungusha usukani. Usukani uligeuka, pikipiki haikugeuka. Ilikwenda moja kwa moja kama mbuzi aliyekataa kamba, na kabla sijatamka neno tulikuwa chini.

Mimi nilichubuka goti. Yule kijana alikataa kuuachia mfuko, kwa hiyo hakuwa na mkono wa kujikinga, akaangukia bega na mtulinga ukavunjika. Nilimfungia mkono kwa shati langu, tukaenda kwa miguu sehemu iliyobaki, yeye akitangulia ili nisimwone akilia. Watoto walikuwa wamekwisha kukaa kwenye madawati, penseli mikononi, wakitazama mlango. Walianza mtihani wakiwa wamechelewa, na walioutahiniwa pale hawakuwa na kosa lolote.

Niliandikiwa barua ya kutakiwa kujieleza, na niliistahili. Nikajibu kwamba chanzo cha ajali kilikuwa utelezi wa barabara. Jibu hilo lingali katika faili langu hata leo. Wakati ule nililiamini.

Aliyenivua ujinga ni mzee mmoja, fundi wa pikipiki katika kitongoji cha Mbale, ambaye ujanani mwake alitengeneza magari ya jeshi. Nilimpelekea pikipiki anyoshe kanyagio lililopinda. Hakuligusa kanyagio. Alichuchumaa mbele, akapitisha kiganja juu ya tairi, kisha akaniuliza, “Mwalimu, hili tairi la nyuma ni jipya. La mbele mbona kipara?”

Nikamweleza kwamba miezi michache kabla ya hapo nilipata fedha za tairi moja tu, nikaona heri niliweke nyuma kwa sababu ya milima. Mzee akacheka bila furaha. “La nyuma hukusukuma, Mwalimu. La mbele ndilo linalokata shauri uende wapi. La nyuma likiteleza, pikipiki hucheza kidogo, utashusha mguu na utapona. La mbele likiteleza, husikii hata hodi.”

Tangu siku ile nimewachunguza watu wengi wenye pikipiki, wakiwamo askari wenye akili timamu kuliko mimi, na karibu wote hufanya kosa langu. Tairi jipya huvishwa nyuma, na lililochakaa, madhali bado linashika upepo, huhamishiwa mbele, kwa maana nyuma ndiko kunakoonekana kufanya kazi.

Tena hata kama lingekuwa jipya, tairi la mbele lililokuja na pikipiki yangu lisingenifaa. Yangu ni Boxer, kama zilivyo nyingi zipitazo barabarani mwetu. Mbele ilikuja na tairi lenye mifereji mirefu izungukayo gurudumu. Mifereji hiyo ni mizuri kwenye lami, kwani hutoa maji na kuzuia tairi lisiende upande. Kwenye mfinyanzi hujaa udongo kabla ya hatua kumi, na tangu hapo tairi ni laini kama chupa. Mzee alinifundisha jaribio ambalo halina gharama. Endesha mwendo mfupi matopeni, simama, utazame tairi la mbele. Ukiona meno ya mpira, tairi linajisafisha. Ukiona udongo mtupu, basi huendeshi tairi. Unaendesha udongo juu ya udongo.

Nikaazimia kununua tairi jingine, na hapo ndipo nilipokosea mara ya pili. Vijana wa kijiwe walinishauri nichukue lenye meno makubwa yaliyoachana, kama yale ya pikipiki za mashindano. Muuzaji mmoja, ambaye simtaji, akanipa lenye maandishi 3.00-17, akidai kwamba unene ni nguvu. Mama watoto, ambaye ndiye mweka hazina wetu, alitoa fedha zilizokuwa za mabati ya jikoni. Alisema tu, “Mwalimu, kama ni la kukurudisha nyumbani, mabati yatangoja.”

Matopeni lilishika vizuri ajabu kwa muda wa wiki moja. Kisha siku moja nikiwa napanda kilima, gurudumu la mbele likakataa kuzunguka. Tairi lilikuwa nene kuliko nafasi iliyo chini ya madigadi, udongo ukajazana humo hata ukashindiliwa kama tofali. Nilikaa kando ya njia nikiuchokoa kwa kijiti, watoto wa shule wakinitazama. Na nilipokwenda Mbale kwenye lami iliyolowa, nilishika breki nikahisi lile tairi likiyumba juu ya meno yake, kwa sababu mpira unaogusa lami ni vile vichwa vya meno tu. Pale nilielewa kwamba matope niliyoyashinda nilikuwa nimeyalipia kwa lami.

Nilirudi kwa mzee na soni. Safari hii alinisomesha maandishi ya ubavuni. Tarakimu 2.75-17 maana yake ni unene wa inchi 2.75 kwa rimu ya inchi 17, na hicho ndicho kipimo cha mbele cha pikipiki yangu, 3.00-17 ni cha nyuma. Baada ya hapo huja tarakimu na herufi. Kwa mfano 41P: 41 ni uzito wa kilo 145 ambao tairi hilo huweza kuubeba, na P ni mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa, ambao hapa kwetu hakuna aliye hai anayeuhitaji. Mahali pengine kuna tarakimu nne ndani ya kiduara. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi yaliyolala dukani miaka mingi hukauka mpira wake hata kama yanameremeta, na yapo mengi. Kuna na mshale wa upande wa kuzungukia, ambao fundi mwenye haraka hauoni.

Kabla ya kuchagua chochote, mzee alilinyanyua gurudumu la mbele, akautikisa uma kuona kama bea za usukani zimelegea, akagonga njiti moja moja kwa spana akisikiliza mlio. Alisema wapo wanaonunua tairi kuponya ugonjwa wa bea. Zangu zilikuwa salama.

Basi tukachagua la kati: 2.75-17, lenye meno ya wastani yaliyokaribiana katikati, yenye nafasi zaidi pembeni. Kwenye lami lile la katikati hushika, na kwenye kona za matope yale ya pembeni huuma udongo. Halikushinda la mashindano matopeni, wala halikushinda la mifereji kwenye lami, lakini kazi yangu ni kupita pote pawili katika siku moja. Mwenye doria ya mjini tu asinifuate. Abaki na mifereji yake, ila isiwe kipara. Madigadi tuliyapandisha kidogo kwa vibati ili udongo upate njia ya kutokea.

Upepo nao ni nusu ya tairi. Kwenye lami natia paundi 25 mbele, na matope yakizidi napunguza hadi 20, tairi likalala vema juu ya udongo. Chini ya hapo sithubutu. Nilipojaribu 14 kwa kiburi changu, tairi lilizunguka juu ya rimu likauvuta mpira wa ndani na kuing'oa valvu, nikasukuma pikipiki hadi jioni. Vilevile tairi likiwa jipya huwa na utelezi wa kiwandani, nami huliendesha kwa upole kwa kilomita mia moja za kwanza.

Yule konstebo alihamishiwa wilaya nyingine, na mwaka uliopita alipita kunisalimu. Nilimweleza habari za barua yangu, kwamba niliisingizia barabara. Hakujibu upesi. Aliinama, akaingiza kidole baina ya meno ya tairi la mbele, kisha akasema, “Afadhali hili, Mwalimu.” Bega humuuma bado siku za baridi, hasa anapoinua bunduki kwenye gwaride.

Lile tairi nene halikutupwa. Lilihamia nyuma, kwenye kipimo chake, na linafanya kazi njema milimani. Kipara cha zamani mama watoto amekikata, amepandia vitunguu. Mabati yalinunuliwa baada ya miezi minane. Sasa tuna desturi nyumbani: mwezi Agosti, kabla mvua hazijaanza na mitihani haijakaribia, yeye hutoka uani na rula ya mtoto, hupima meno ya tairi la mbele, na akiona yamepungua huanza kuweka fedha kando bila kuniuliza.