Neno Nililoshindwa Kulitafsiri

Si desturi yangu kuandika habari za mpira. Wasomaji wangu mmezoea kunikuta nikilalamikia mikopo ya wanafunzi, lugha ya mahakama au maktaba zisizonunua vitabu. Leo naomba mnivumilie. Keshokutwa, Jumapili ya Novemba 18, 2018, Taifa Stars itacheza na Lesotho mjini Maseru, na kusema kweli wiki nzima hii sijafanya kazi yoyote ya maana. Nimesahihisha majaribio ya wanafunzi huku pembeni nimeweka karatasi yenye msimamo wa Kundi L, na ile karatasi imechakaa kuliko majaribio yenyewe.

Kwa wasiofuatilia, hali ni hii. Uganda wana pointi 10, sisi 5, Cape Verde 4, Lesotho 2. Timu mbili zitakwenda Cameroon mwakani kwenye Fainali za Mataifa ya Afrika. Kesho Uganda wanawakaribisha Cape Verde pale Namboole. Wakiwafunga, nasi tukashinda Maseru, tutakuwa na pointi 8 ambazo Cape Verde hawawezi kuzifikia, na safari itakuwa imekamilika kabla hata ya mchezo wa mwisho. Mara ya mwisho Tanzania kucheza fainali hizo ilikuwa Lagos, mwaka 1980. Wanafunzi wote ninaowafundisha mwaka huu walikuwa hawajazaliwa, na nadhani wazazi wa baadhi yao pia.

Jana, baada ya kipindi, kijana mmoja wa mwaka wa pili alinifuata mezani. Nilidhani anataka kuongezewa muda wa kuandika insha. Kumbe alitaka kuniuliza kama viza ya Cameroon inapatikana kwa urahisi. Nikamkumbusha kwamba bado kuna mchezo wa Jumapili. Akatabasamu kwa adabu, kama mtu anayemsikiliza mzee akisimulia habari za zamani. "Mwalimu," akasema, "si Lesotho hao? Wale vibonde tu."

Nilicheka naye. Jioni hiyohiyo nikapata ujumbe kutoka kwa rafiki yangu Msotho.

Tulijuana mwaka 2011, nilipokwenda kuwa mtahini wa nje katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Lesotho kilichoko Roma, bonde lililo mwendo mfupi kwa gari kutoka Maseru. Ilikuwa Juni, kwao ni majira ya baridi, na mimi mtu wa Dar es Salaam nilishuka na koti ambalo lilimchekesha kila aliyeniona. Yeye ndiye aliyeniazima blanketi, lile zito la sufu ambalo Wasotho hujifunga mabegani na ambalo kwao ni vazi la heshima kabisa. Tangu wakati huo ananiita Ntate, kama sisi tunavyomwita mtu mzee au baba, nami namwita hivyohivyo, ingawa tumelingana umri. Jana alitaka kujua kama nitakwenda uwanjani. Kisha akauliza, "Ntate, magazeti yenu yanatuitaje wiki hii?"

Nikaanza kuandika jibu, nikafuta. Nikaandika tena. Ninafundisha lugha na siasa, kutafsiri ni sehemu ya mkate wangu wa kila siku, lakini neno "kibonde" lilinishinda. Ningeweza kumwambia kwamba maana yake ni timu dhaifu. Hiyo ingekuwa tafsiri ya kamusi, na ingekuwa uongo. Timu dhaifu inaweza kuheshimiwa. Kibonde ni yule ambaye humhesabu kabisa, uliyekwisha kuziweka pointi zake mfukoni, na akithubutu kukufunga unaona kama umedhulumiwa. Nikamwandikia kwamba magazeti yanasema mchezo utakuwa mgumu. Akajibu kwa alama ya kucheka.

Sasa nijiulize mbele yenu, kwa kuwa mbele yake nilishindwa. Sisi tulipata wapi cheo hiki cha kuwaita wenzetu hivyo?

Waliokuwa na akili timamu miaka ya nyuma watakumbuka kwamba Mzee Ali Hassan Mwinyi ndiye aliyeufananisha mpira wetu na kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila ajifunzaye kunyoa hukijaribia wembe. Maneno yale yalituuma kwa sababu yalikuwa kweli, na hayajazeeka. Novemba 2015 tulitoka sare ya 2–2 na Algeria hapa Dar es Salaam, tukarudi nyumbani usiku ule tukiimba. Siku tatu baadaye, kule Blida, walitufunga 7–0. Mwezi uliopita tulikwenda Praia kucheza na Cape Verde, visiwa ambavyo watu wake wote ni kama nusu milioni, wakatupiga 3–0. Tuliwalipa 2–0 Uwanja wa Taifa, ni kweli, na Rais akawaita vijana Ikulu. Lakini mkoa wa Dar es Salaam peke yake ulihesabiwa watu zaidi ya milioni 4 katika sensa ya 2012. Kama ukubwa wa nchi ungekuwa unafunga mabao, tusingekuwa na sababu ya kupiga mahesabu ya karatasi mwezi Novemba.

Na Lesotho wenyewe tumewaonja. Juni 2017, mchezo wa kwanza kabisa wa kundi hili, walikuja Chamazi. Samatta akatutanguliza kwa mkwaju wa adhabu ndogo, tukajipigia makofi, wakasawazisha, tukamaliza 1–1. Zile pointi mbili tulizoziacha pale ndizo tunazozitafuta leo kwa tochi. Mwezi uliofuata tulikutana nao tena kwenye Kombe la COSAFA huko Afrika Kusini, katika mchezo wa kumtafuta mshindi wa tatu. Dakika 90 hakuna aliyemfunga mwenzake. Tuliwashinda kwa penalti. Mwaka huu, katika mashindano hayohayo, nafasi ile ya tatu wameichukua wao. Sitaki kuwapamba, maana Uganda wamewafunga mara mbili mwezi uliopita, 3–0 na 2–0, na la pili walifungwa palepale kwao. Lakini timu ambayo tumecheza nayo mara mbili katika mwaka mmoja bila kuifunga ndani ya muda wa kawaida si timu ya kuombea viza.

Kuna jambo jingine ambalo sijalisikia likisemwa redioni wiki hii. Lesotho hawajafa. Wakitufunga Jumapili watafikisha pointi 5, sawa na sisi, na kwa kuwa kanuni huangalia kwanza mechi za timu zilizolingana, watakaa juu yetu. Kisha watakwenda Praia mwezi Machi wakiwa na ndoto yao mkononi. Kwa hiyo wale tunaowafikiria kama watu waliokwisha kufungasha virago, wao wanaujua mchezo huu kuwa mkubwa kuliko yote waliyocheza kwa miaka mingi. Nasi tutaingia bila Samatta, aliyefungiwa kwa kadi mbili za njano. Kocha Amunike hana la kuambiwa kuhusu fainali, kwani yeye ndiye aliyefunga mabao mawili ya Nigeria dhidi ya Zambia katika fainali ya 1994. Ila mabao ya kocha hayahamishwi.

Wengi wanataja hewa nyepesi ya milimani. Maseru iko kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Nakiri kwamba pale Roma nilisimama mara tatu kwenye kilima cha kutoka bwenini kwenda ukumbini, na rafiki yangu akajifanya anafunga kamba za viatu ili nisione aibu. Hata hivyo Mbeya iko juu zaidi ya hapo, na wachezaji wetu wa ligi hucheza Uwanja wa Sokoine kila msimu. Nyasi za Setsoto ni bandia, na za Chamazi pia ni bandia. Tukifungwa, tusije tukamsingizia mlima.

Nimesema nilijifunza neno hili halitafsiriki. Nikiri pia kwamba mimi mwenyewe nimelitenda bila kulitamka. Miaka michache iliyopita nilikuwa katika kamati ya wataalamu kutoka nchi kadhaa za kusini mwa Afrika, tukikusanya mapendekezo ya mitaala. Kila nchi ilileta andiko lake. La Afrika Kusini tulilisoma kwa kalamu nyekundu, ukurasa kwa ukurasa. La Lesotho liliwekwa chini ya rundo, na aliyeliweka nilikuwa mimi. Sikuwa na chuki yoyote. Niliona tu jina juu ya jalada, nikajua, au nilidhani ninajua, kwamba halitakuwa na jipya. Siku ya mwisho, ikibaki saa moja, mtu mmoja akalifungua. Ndilo pekee lililokuwa limeeleza fedha zitatoka wapi. Hapakuwa na muda tena wa kulijadili. Ripoti yetu ilitoka bila sura ya fedha, na nijuavyo mimi iko kabatini mpaka leo.

Ninyi mlio maofisini mnajua ninachokisema. Ni mara ngapi barua imesubiri kwa sababu ya wilaya iliyoandikwa juu ya bahasha?

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba hadithi tunayoipenda kuliko zote katika mpira wetu ni hadithi ya kibonde. Agosti 1979 nilikuwa na umri wa miaka sita. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Korogwe. Nchi ilikuwa imetoka vitani na Idi Amin, Mwalimu Nyerere ametutaka tufunge mikanda kwa miezi 18, na betri za redio zilikuwa adimu kama sukari. Baba alizianika juani tangu asubuhi, mbili mbili juu ya bati, ili zipate nguvu ya kufika jioni. Tanzania ilikuwa imewafunga Zambia 1–0 nyumbani na sasa ilikuwa Ndola kwa marudiano. Zambia ile ilikuwa imefika fainali ya Afrika mwaka 1974. Sisi tulikuwa hatujawahi hata kufuzu. Waliojaa uwanjani siku ile, nina hakika, walikuwa na hesabu zao mfukoni.

Wakatufunga. Sauti ya mtangazaji ikawa inakuja na kupotea, kwa sababu betri zilikuwa zinakata roho. Baba akaibeba redio na kuiegemeza dirishani, akasimama hapo akiwa ameishika kwa mikono miwili kama mtu anayemshika mgonjwa. Baba mdogo akasema basi, tuzime, tuhifadhi betri za taarifa ya habari. Baba hakujibu. Kisha, mchezo ukiwa unaelekea ukingoni, Peter Tino akasawazisha, na kutoka nyumba ya jirani aliyekuwa na redio nzima tukasikia kelele kabla ya kuisikia habari kwenye yetu. Ikaisha 1–1. Tukafuzu. Ndivyo nilivyomwona baba yangu akilia kwa mara ya kwanza, na hakuniambia nitoke nje.

Kule Lagos tulifungwa na Nigeria na Misri, tukatoka sare na Ivory Coast, tukarudi nyumbani. Baba alingoja mara ya pili kwa miaka 36. Kila kampeni ilipoanza alikuwa akinipigia simu, na kila ilipokufa alikuwa akinipigia tena, kwa sauti ileile, kunieleza kwamba kundi lilikuwa gumu. Alifariki mwaka 2016. Kocha Joel Bendera, aliyekuwa katika benchi la kikosi kile cha Ndola, naye alitutoka Desemba mwaka jana. Wanaoikumbuka siku ile kwa masikio yao wanapungua, na labda ndiyo maana vijana wetu wanadhani sisi tulizaliwa tukiwa upande wa wale wanaohesabu.

Nataka tushinde. Nisieleweke vibaya na wale wanaopenda kunielewa vibaya. Nataka tushinde hata kwa bao la mgongo, la dakika ya kwanza au ya 90, na rafiki yangu wa Roma aninunie mpaka Krismasi. Sidhani kama nina haki ya kumwomba Mungu zaidi ya hapo. Lakini nikimfikiria Msotho mmoja, mwalimu labda, katika kijiji cha mlimani nisichokijua jina, ameegemeza redio dirishani na mtoto wa miaka sita yuko miguuni pake, naona ugumu wa kumwita lile neno.

Leo asubuhi nimemwandikia rafiki yangu tena. Nimemwambia ukweli: kwamba kuna neno, kwamba wanafunzi wangu wanalitumia na mimi nililicheka, kwamba lina maana ya mtu unayedhani umekwisha kumshinda. Nimemweleza pia kuhusu Ndola na betri juu ya bati. Alikaa kimya muda mrefu kiasi kwamba nilianza kujuta. Kisha akajibu kwamba kwao wachezaji wa taifa huitwa Likuena, yaani mamba, na akaniuliza kama Waswahili tuna mazoea ya kuhesabu mamba kabla ya kuvuka mto.

Sijamjibu bado. Jumapili sitakwenda kuangalia kwenye baa ya jirani, penye televisheni kubwa na watu waliokwisha kushinda. Redio ya baba ninayo, siku hizi inatumia umeme, na nimekwisha kuisogeza karibu na dirisha.