Kungoja Yai la Kwanza

Kuku jike ambaye hajaanza kutaga huitwa tembe. Akikaribia kutaga huanza kutoa sauti ya pekee, ya chini na ya mfululizo, huku akizungukazunguka kutafuta mahali pa faragha. Kutoa sauti hiyo ndiko kutetea, na kuku huyo huitwa mtetea. Nadhani wazee waliotuachia maneno haya mawili walikuwa wachunguzi hodari, maana walitofautisha vipindi viwili vya maisha ya kuku kwa kusikiliza tu.

Nyumbani kwetu Rulenge, wilayani Ngara, tulikuwa na tembe sita. Walianguliwa tarehe 3 Machi 2019, baada ya mama yao kuatamia kwa siku 21. Vifaranga wote walikuwa 11. Mwewe alichukua watatu na majogoo wawili tuliwauza. Niliandika tarehe hiyo katika daftari, kwa sababu watu wengi wanaofuga kuku wa kienyeji hawajui umri wa kuku wao. Huhesabu kwa mavuno au kwa mvua, na mtu asiyejua umri wa tembe hawezi kujua kama amechelewa au hajachelewa.

Mama alikuwa na haja ya kutaka kujua. Mdogo wangu alitarajiwa kuanza darasa la kwanza mwezi wa Januari 2020, na sare yake ilitegemea kuku hao. Kila mwisho wa mwezi mchuuzi alipita na matenga yake juu ya baiskeli akinunua kuku wa kupeleka Benako, ambako malori ya kwenda Rwanda na Burundi husimama. Alitaka kuwachukua wote sita. Alimwambia mama, "Mama, kuku asiyetaga anakula bure. Na kideri kikiingia, utazika fedha zako." Maneno yake hayakuwa ya upuuzi. Mwezi wa Agosti kideri kiliua kuku wote wa nyumba tatu za jirani. Kuku wetu walipona, kwa kuwa mtaalamu wa mifugo alikuwa amewachanja mwezi wa Juni. Chanjo hiyo ni tone moja tu jichoni, nayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Mama alikata shauri kungoja mpaka mwisho wa Septemba. Tembe ambaye angekuwa haonyeshi dalili yoyote siku hiyo angeuzwa.

Kuku wa kienyeji kwa kawaida huanza kutaga akiwa na umri wa miezi 6 hadi 8. Kuku wa kisasa wa mayai, ambao wazazi wao wamechaguliwa na wataalamu kizazi baada ya kizazi, huanza wakiwa na majuma 18 hadi 20. Shangazi yetu wa Nyakahura, wilayani Biharamulo, alikuwa na kuku wa kisasa, nao walitaga kabla ya kutimiza miezi mitano. Kila alipopiga simu aliuliza, "Bado?" Swali hilo lilimchosha mama kuliko maneno ya mchuuzi.

Lakini tembe anayeonekana anachakura tu uani ana kazi kubwa ndani ya mwili wake. Upande wa kushoto wa tumbo lake kuna ovari moja inayofanya kazi; ile ya kulia huwa haikui. Ndani ya ovari kuna viini vingi, vingine vidogo kuliko punje ya ulezi. Wakati ukifika, kiini kimoja hukua upesi kwa muda wa siku 10 hivi, kisha huteremka katika mrija wa mayai. Humo huvikwa ute mweupe kwa muda wa saa 3 hivi, halafu utando mwembamba, na mwisho gamba. Gamba peke yake huchukua karibu saa 20. Kwa hiyo yai moja huhitaji zaidi kidogo ya siku nzima, nalo hutengenezwa hivyo hivyo hata kama hakuna jogoo, ila yai lisilorutubishwa na jogoo haliwezi kuanguliwa.

Gamba ni madini ya chokaa. Tembe hana njia ya kupata madini yote hayo kwa usiku mmoja, na kwa sababu hiyo majuma mawili hivi kabla ya yai la kwanza huanza kuweka akiba ndani ya mifupa ya miguu yake. Asipopata chokaa ya kutosha katika chakula, atachota katika mifupa hiyo hiyo. Kwa maoni yangu hili ni jambo la ajabu kuliko yai lenyewe.

Kaka yangu alirudi kutoka Benako na habari nyingine. Dereva mmoja alikuwa amemweleza kwamba Ulaya watu huwasha taa ndani ya mabanda ili kuku watage. Akatushauri tutundike kandili bandani. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mafuta ya taa atanunua nani, mjukuu wangu?"

Dereva alisema kweli, lakini kweli ya mahali pengine. Mwanga huingia kwa macho ya kuku na hata kupenya fuvu la kichwa, na ubongo ukipata mwanga wa saa nyingi huamsha ovari. Katika jiji la London, mchana wa mwezi wa Desemba ni wa saa 8 tu, na ule wa Juni huzidi saa 16. Tembe wa huko akikomaa wakati siku zinapofupika, anaweza kungoja mpaka siku zirefuke tena, kama hakuwashiwa taa. Ngara iko nyuzi 2 na nusu hivi kusini ya Ikweta. Kwetu jua huchomoza karibu na saa 1 asubuhi na kuzama karibu na saa 1 jioni, na tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka mzima haifiki dakika 20. Tembe wetu hawakupungukiwa na mwanga. Tena, kandili ndani ya banda la nyasi ni moto unaongoja upepo.

Walichopungukiwa ni chakula. Juni mpaka Agosti ni kiangazi. Ardhi hukauka, majani mabichi hupungua na wadudu hujificha. Pumba na mabaki ya ugali humpa kuku nguvu, lakini yai hujengwa kwa protini. Shangazi, ambaye eneo lake lina vichuguu vingi, alitufundisha njia ya kupata mchwa. Jioni tulijaza chungu kikuukuu majani makavu na kinyesi cha ng'ombe kilicholowanishwa, tukakifudikiza juu ya tundu lililochimbwa kwenye kichuguu. Asubuhi chungu kilikuwa kimejaa mchwa, na tembe waliwamaliza kabla hatujahesabu hata ishirini. Tuliongeza dagaa waliotwangwa, kutoka Ziwa Victoria, na maganda ya mayai yaliyosagwa laini. Ni lazima yasagwe laini, ili kuku asiyatambue akajifunza kula mayai.

Katikati ya Septemba mvua ilinyesha, na wadudu wakaonekana tena. Siwezi kudai kwamba mchwa na dagaa ndio waliofanya kazi, wala kwamba ni mvua. Ili kujua hakika ingebidi kuwatenga tembe watatu wasipewe, na mama asingekubali.

Daftari langu lina dalili hizi. Tarehe 1 Septemba, undu wa tembe mwenye madoadoa, yaani upanga ule wa kichwani, ulianza kuwa mwekundu na kunenepa. Tarehe 12, bibi alimshika akapima nafasi kati ya mifupa miwili ya nyonga, karibu na tundu la kutagia. Ilienea kidole kimoja. Tarehe 20 ilienea vidole viwili. Tarehe 24 nilipomgusa mgongoni alichuchumaa badala ya kukimbia. Tarehe 26 alitetea asubuhi nzima na kuingia mara nyingi katika kapu tulilotandika nyasi kavu.

Tarehe 27 Septemba, karibu saa 4 asubuhi, alitaga. Alikuwa na umri wa siku 208. Yai lilikuwa dogo, kama nusu ya yai la kuku wa shangazi, na gamba lake lilikuwa na mstari mwembamba wa damu, jambo la kawaida kwa yai la kwanza. Kesho yake hakutaga. Keshokutwa alitaga yai lenye gamba laini kama ngozi. Mrija wa mayai wa kuku mchanga hauna budi kujifunza kazi kwanza.

Wengine wanne walikuwa wamekwisha kuwa na undu mwekundu, nao walitaga wote kabla ya katikati ya Oktoba. Wa sita undu wake ulikuwa bado umepauka, na nyonga zake hazikuenea hata kidole kimoja. Mchuuzi alipopita tarehe 30 Septemba, mama alimtoa kama alivyosema, na fedha zake zilinunua sketi ya mdogo wangu. Blauzi ilinunuliwa kwa mayai.

Tembe mwenye madoadoa alitaga mayai 13, kisha akakaa juu ya kapu akikataa kuondoka. Bibi hakutaka aatamie mayai yake ya kwanza, maana mayai madogo hutoa vifaranga wadogo. Tarehe 17 Oktoba tuliyauza, tukamwekea mayai kumi ya mama yake.